Saa ya simu isiwe hakimu wa wakimbizi: anayeandika tangazo ndiye aandike vizuri

Lulimba, teritwari ya Fizi, Kivu Kusini. – Kuna neno ambalo mkimbizi wa ndani hulisikia kwenye meza ya ugawaji, kwenye kituo cha afya na hata kwenye mlango wa shule: "Hawa watu hawajui saa." Linasemwa juu ya mama aliyefika wakati orodha imekwisha kufungwa. Linasemwa juu ya papa aliyekuja na jetoni yake mkononi siku ambayo wengine walikwisha kupokea. Anayelisema huwa na simu nzuri mkononi, anaonyesha kioo, na kioo kinampa haki.

Neno hilo ni uonevu. Watu wa Lulimba wanajua saa, na familia zilizokimbilia hapa zinajua saa. Mtu aliyetembea usiku kucha na watoto mgongoni ili avuke kijiji kabla ya jua kupanda, huyo hawezi kufundishwa maana ya wakati. Wanachokosa watu hawa ni tangazo lililoandikwa kwa hesabu wanayoitumia. Simu inahesabu kwa namna moja, mdomo wa raia unahesabu kwa namna nyingine, na katikati yao yuko mtu wa ofisi ambaye hakujisumbua kuandika maneno matano zaidi. Kosa likitokea, anayelipa ni yule mwenye njaa.

Saa mbili ndani ya simu moja

Kwa Kiswahili siku inaanza na jua. Jua likipanda, saa zinaanza kuhesabiwa: saa moja ya asubuhi ni ile ambayo simu inaandika 07:00. Saa tatu ni 09:00. Saa sita ya mchana ni 12:00. Saa tisa ni 15:00. Jua likizama, hesabu inaanza upya: saa moja ya usiku ni 19:00, saa sita ya usiku ni 00:00, na saa kumi na moja ya alfajiri ni 05:00. Tofauti ni saa sita, mchana na usiku.

Hesabu hiyo haikubuniwa na watu wasiosoma. Lulimba iko karibu na ikweta, chini ya digrii tano kusini. Hapa jua linapanda karibu na 06:00 na kuzama karibu na 18:00, mwaka mzima, kwa tofauti ndogo tu. Mkulima wa hapa anaweza kutazama mbingu na kutaja saa bila kukosea sana. Huko Ulaya, ambako wakati wa baridi jua linapanda watu wakiwa tayari kazini, hesabu ya namna hiyo isingefaa. Hapa inafaa, na ndiyo maana imedumu.

Tena, wale wanaoicheka wanaisoma kila siku ya yenga kanisani. Injili ya Marko inasema Yesu alisulubiwa saa tatu, giza likaingia saa sita, na akalia kwa sauti saa tisa. Hizo ni saa zilizohesabiwa tangu jua kupanda, sawasawa na za mama anayeuza mihogo sokoni Lulimba. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hahitaji mtu amfafanulie. Kwa simu, saa tisa ile ni 15:00.

Sasa tazama namna tangazo linavyoharibika. Mtu wa ofisi amefikiri kwa Kifaransa: "neuf heures". Anataka kuwa karibu na raia, basi anaandika SMS kwa Kiswahili: "Mje saa 9." Kwake ni 09h00. Mama anasoma "saa tisa", anapanga siku yake vizuri: kwanza shamba, halafu kuchota maji, halafu kupika chakula cha watoto. Anafika 15h00, kwa wakati kabisa, kama alivyoambiwa. Meza imekwisha kuondolewa. Nani hakujua saa hapo?

Kosa la upande wa pili lipo pia. Kiongozi wa kambi anatangaza kwa mdomo, kwa Kiswahili kizuri: "Saa tatu kamili." Kijana anaandika kwenye alarme ya simu yake 3:00, kwa sababu tatu ni tatu. Simu inalia usiku wa manane, nyumba nzima inaamka kwa hofu, kwa sababu katika Fizi kelele ya usiku si kitu cha kuchekea. Kijana anazima, analala, na asubuhi hakuna kitakachomwamsha.

Hata dawa inaingia humo. Dawa ya malaria iitwayo Coartem, ambayo vituo vya afya vinaitoa sana, inamezwa mara sita kwa siku tatu. Mara ya pili inafuata saa nane baada ya ile ya kwanza, halafu inakuwa asubuhi na jioni. Mtoto aliyemeza mara ya kwanza saa nne ya asubuhi, yaani 10h00, anameza tena saa kumi na mbili ya jioni, yaani 18h00. Mama akiambiwa tu "saa nane", anaweza kuelewa kwamba dawa inamezwa saa nane ya mchana, 14h00, saa nne baadaye badala ya nane. Neno ni moja, maana ni mbili, na mtoto ni mmoja. Muuguzi mwema anasema: "Jua likizama." Hapo hakuna anayekosea.

Tarehe inayosomwa mbele na nyuma

Baada ya saa, kuna tarehe. Katika Congo, kama Wafaransa na Wabelgiji, watu wanaandika siku kwanza, halafu mwezi, halafu mwaka. Lakini simu nyingi zinafika sokoni, na hasa zile zilizokwisha kutumiwa, zikiwa zimepangwa kwa Kiingereza cha Marekani. Kwa Wamarekani mwezi unatangulia siku.

Mfano: 08/07/2026. Kwa karani wa Fizi ni tarehe 8 mwezi wa saba, siku ya tatu. Simu iliyopangwa kwa Kimarekani ikikutana na tarehe hiyo hiyo inaiandika 07/08/2026, na mtu anayeisoma kwa desturi ya hapa anaona tarehe 7 mwezi wa nane, siku ya tano. Mwezi mzima umepita. Kama ni tarehe ya chanjo, mtoto ameikosa. Kama ni tarehe ya mwisho ya kujiandikisha, familia iko nje ya orodha.

Watu hufikiri kosa hilo ni la nadra. Hesabu inaonyesha vingine. Tarehe 30 Juni, siku ya uhuru, haiwezi kuchanganywa na kitu, kwa sababu hakuna mwezi wa 30. Hatari iko katika siku 12 za kwanza za kila mwezi. Ukiondoa zile ambazo siku na mwezi vinalingana, kama 05/05, zinabaki tarehe 11 kwa mwezi, yaani siku 132 kwa mwaka. Zaidi ya theluthi moja ya mwaka inaweza kusomwa mbele au nyuma. Kuandika jina la mwezi kwa herufi kunamaliza ugonjwa huo wote, na hakuna dawa ya bei ndogo kuliko hiyo.

Jumatatu si siku ya tatu

Hata majina ya siku yana mtego, na mtego huu unawanasa hasa waliokimbia na waliorudi. Katika Kivu, siku ya kwanza ni lundi. Siku ya pili ni mardi, siku ya tatu ni mercredi, mpaka kufika siku ya posho na siku ya yenga. Katika Tanzania hesabu inaanza Jumamosi: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Kwa hiyo Jumatatu, ambayo ndani yake mna neno "tatu", ni lundi. Siku ya tatu ya Fizi ni mercredi. Kati yake kuna siku mbili.

Watu wengi wa Fizi waliishi miaka na miaka ng'ambo ya ziwa, katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996. Kuanzia mwaka 2005, HCR iliwasafirisha wengi kwa meli kupitia ziwa Tanganyika mpaka Baraka. Walirudi na Kiswahili cha Tanzania. Watoto waliozaliwa kule wanasema Jumatatu na Jumanne. Wazee waliobaki huku wanasema siku ya kwanza na siku ya pili. Wote wanasema Kiswahili sawasawa, na wote wanaweza kupishana kwa siku mbili bila yeyote kujua kwamba amepishana na mwenzake.

Tangazo linalosema "Jumatatu" peke yake katika Lulimba ni tangazo nusu. Vilevile linalosema "siku ya tatu" peke yake, kama katika wasikilizaji wamo waliotoka ng'ambo. Ongeza neno la Kifaransa, lundi au mercredi, ambalo shule imewafundisha wote, na jambo limekwisha.

Saa ya Kinshasa, saa ya Lulimba, saa ya Kigoma

Congo ina saa mbili. Kinshasa na magharibi yote wanafuata GMT+1. Mashariki, kuanzia Kasai na Katanga mpaka Kivu, wanafuata GMT+2. Burundi na Rwanda ni GMT+2 kama Lulimba. Tanzania, Kenya na Uganda ni GMT+3. Kwa hiyo Lulimba ikiwa saa sita ya mchana, Kinshasa ni saa tano, na Kigoma ni saa saba.

Msikilizaji wa redio anaujua usumbufu huo. Redio za kimataifa za Kiswahili hutaja "saa za Afrika Mashariki", na huyo aliye Fizi lazima aondoe saa moja. Habari ikitoka Kinshasa, lazima aongeze saa moja. Familia iliyogawanyika, nusu Lulimba na nusu Nyarugusu, inapanga kuzungumza kwa simu "saa mbili ya usiku". Wa kambini wanangoja saa yao, wa huku wanangoja yao. Uniti ya kupiga ni kidogo, betri ni ya kuazima moto kwa jirani, na mara nyingine simu ya upande mmoja imezimwa tayari. Wanaachana wakidhani wamesahauliana.

Tena simu inayojirekebisha yenyewe inafuata rezo inayoshika. Mtu wa pwani ya ziwa ambaye simu yake imeshika rezo ya ng'ambo anaweza kuona saa imeruka mbele saa moja bila yeye kugusa kitu. Akimlaumu mkewe kwa kuchelewesha chakula, kosa ni la mnara wa upande wa pili.

Nukta na mkato

Juu ya namba maneno ni machache. Mwenye kufuata Kifaransa anatenganisha senti kwa mkato: dola 2,50. Simu ya Kiingereza inatenganisha kwa nukta: 2.50, na mkato inautumia kwa maelfu. Basi kilo "1,500" kwa mmoja ni kilo moja na nusu, kwa mwingine ni kilo elfu moja na mia tano. Mchuuzi akiandika 12.500 kwenye mashine ya kuhesabu ya simu iliyo katika Kiingereza, na kuzidisha mara nne, atapata 50 badala ya franka 50 000. Kwa pesa macho yanaweza kugundua. Kwa dawa ya mtoto, ambapo ml 2,5 inaweza kusomwa 25 kwenye kioo kilichopasuka, macho hayatoshi. Hapo aandike kwa maneno: mbili na nusu.

Saa mbaya inaua ushahidi

Kuna jambo lingine zito zaidi, na wachache wanalifikiria. Kila picha inayopigwa kwa simu inabeba ndani yake tarehe na saa, na simu inavichukua kutoka kwenye saa yake yenyewe. Katika Fizi picha si mchezo. Kijana anayepiga picha ya nyumba iliyochomwa au ya duka lililoporwa anatengeneza ushahidi ambao siku moja unaweza kufika mbele ya mwendesha mashtaka au mtafiti wa haki za binadamu. Simu ambayo betri yake ilikufa siku nyingi porini, bila rezo, inaweza kuamka ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma. Picha zote zitakazopigwa kabla ya kuirekebisha zitasema uongo. Wakili wa mshtakiwa hatahitaji kazi kubwa: atasema tu kwamba picha ni ya zamani.

Saa ya usiku nayo ina mgogoro wake. Simu inabadilisha tarehe saa sita ya usiku, 00:00. Raia wengi wanahesabu usiku kuwa mmoja mpaka alfajiri. Shahidi akisema "walishambulia usiku wa siku ya tatu, saa nane", je, ni 02h00 ya mercredi au ya jeudi? Redio zilikwisha kupata namna ya kusema: "usiku wa siku ya tatu kuamkia siku ya nne." Wanaoandika ripoti wafuate hapo, na waongeze 02h00 na tarehe yenyewe. Anayemhoji mama aliyefiwa asimbane kwa tarehe ya simu, kisha aandike kwamba maelezo yake "yanajipinga".

Kile ambacho mwenye simu anaweza kufanya

Kulaumu wakubwa peke yake hakutoshi, na kuna mambo ambayo kila mwenye simu anaweza kuyarekebisha kwa dakika tano bila kumlipa fundi. Katika simu nyingi za Android, zikiwemo Tecno na Itel, mtu anaingia "Paramètres", halafu "Système", halafu "Date et heure". Majina yanaweza kutofautiana kidogo kwa simu na simu, lakini mlango ni huo.

Kwanza, aangalie "Fuseau horaire". Kwa Lulimba, Baraka, Fizi na Uvira lazima isomeke GMT+02:00. Ikiwa ni +01:00, simu iko Kinshasa. Ikiwa ni +03:00, iko Tanzania. Pili, awashe "Utiliser le format 24 heures". Hapo 3:00 ya usiku na 15:00 ya mchana hazitafanana tena, na alarme haitamwamsha usiku bure. Tatu, aingie kwenye lugha na achague Kifaransa cha Congo-Kinshasa, au Kiswahili cha Congo kama simu yake inacho. Tarehe itarudi siku kwanza, mwezi baadaye. Nne, simu ikiwa imezimika muda mrefu, kabla ya kupiga picha yoyote au kufungua WhatsApp, aangalie tarehe. WhatsApp yenyewe inakataa kufanya kazi simu ikiwa na tarehe mbaya, na wengi wamepeleka simu nzima kwa fundi, wakalipa, kwa ugonjwa huo mdogo.

Na wale wenye watoto wa shule, wawaombe waandike karatasi ndogo ya saa, safu mbili: 07:00 saa moja, 08:00 saa mbili, mpaka mwisho, mchana na usiku. Ibandikwe ukutani au kwenye turubai. Mama asiyesoma Kifaransa ataisoma hiyo.

Watengenezaji wa simu nao wasijifiche

Lakini raia akimaliza kupanga kila kitu, bado saa ya simu haitasema saa tatu. Hata akichagua Kiswahili kama lugha ya simu, majina ya miezi yatageuka, maneno ya asubuhi na jioni yanaweza kugeuka, lakini 15:00 itabaki 15:00, au itaandikwa 3:00. Kiswahili kimetiwa kwenye maneno, kwenye hesabu hakikutiwa. Atakayeitaka saa ya Kiswahili itambidi atafute programu ya pembeni na kuilipia mega za kuishusha.

Mtu asiseme kwamba haiwezekani. Mthai anaweza kuiambia simu yake ihesabu mwaka wa Kibuddha, na mwaka 2026 ukaandikwa 2569. Mwislamu anaweza kupata kalenda ya Hijra. Wajapani wana miaka ya wafalme wao. Mwarabu anaweza kuona tarakimu zake. Kama simu inaweza kubeba mwaka tofauti kwa miaka 543, inashindwaje kuongeza au kupunguza saa sita? Wasemaji wa Kiswahili ni makumi ya mamilioni, kutoka Lamu mpaka Kisangani. Kinachokosekana ni mtu wa kudai.

Na mahali pa kudai papo. Simu na kompyuta zinachukua mpangilio wa tarehe, namba na majina ya siku kutoka katika hazina moja kubwa iitwayo CLDR, inayosimamiwa na shirika la Unicode. Ndani yake Kiswahili cha Congo kina sehemu yake, mbali na kile cha Tanzania, Kenya na Uganda. Mapendekezo yanapokelewa kutoka kwa wajuzi wa lugha duniani kote. Vyuo vya Bukavu na Uvira vina walimu wa lugha na wanafunzi wa informatiki. Kazi hiyo ingewafaa kuliko kunakili kazi za mwisho za miaka iliyopita.

"Wajifunze tu saa ya Kifaransa"

Wengine watajibu: dunia imebadilika, watoto wanasoma kwa Kifaransa, ONG zinaandika kwa Kifaransa, basi raia waiache saa ya zamani. Jibu la kwanza ni la sheria. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu chake cha kwanza, inataja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, na inaipa Serikali kazi ya kuziendeleza bila ubaguzi. Lugha haiwezi kuwa ya taifa kwenye nyimbo na hotuba, halafu ikawa kosa kwenye saa.

Jibu la pili ni la haki ya kawaida. Anayeleta tangazo ndiye mwenye gari, mshahara, kompyuta na muda. Anayelipokea ni mtu aliyelala juu ya mkeka wa kuazima. Kati ya hao wawili, nani anapaswa kubeba mzigo wa kueleweka? Mashirika yanatumia pesa kwa mabango yenye nembo kubwa, kwa kofia na kwa fulana. Kuandika "ya asubuhi" hakugharimu hata franka moja.

Jibu la tatu: hakuna anayeomba saa ya Kifaransa ifutwe. Vijana wanaihitaji kwa mtihani, kwa basi na kwa kazi. Kinachoombwa ni kwamba zote mbili ziandikwe pamoja, kama vile bei inavyotajwa sokoni kwa dola na kwa franka bila mtu kukasirika. Hakuna mchuuzi wa Lulimba anayesema "kumi" na kuacha mnunuzi akisie kama ni dola kumi au franka elfu kumi. Mchuuzi anajua akifanya hivyo atapoteza mteja. Ofisi haina hofu hiyo, kwa sababu mkimbizi hana duka la pili la kwenda.

Na wako wanaosema SMS ni fupi, hakuna nafasi. SMS moja inabeba herufi 160. Isomwe hii:

"Siku ya tatu (mercredi), tarehe 8 mwezi wa saba 2026, saa tatu ya asubuhi (09h00), saa ya Lulimba."

Haifiki herufi 100. Inabaki nafasi ya kutaja mahali, na hata ya kusalimia.

Kinachodaiwa

Basi madai ni haya, na yanaelekezwa kwa mashirika ya misaada, vituo vya afya, shule, makanisa, viongozi wa kambi, ofisi za serikali, na redio pia, maana hata kwenye redio "kesho saa tatu" inasomwa bila tarehe, na aliyesikia marudio ya usiku anahesabu kesho nyingine.

Kila tangazo litaje jina la siku kwa namna mbili. Mwezi uandikwe kwa neno, usiandikwe kwa tarakimu peke yake. Saa itajwe kwa Kiswahili pamoja na sehemu ya siku, na pembeni yake saa ya simu. Kama tangazo linavuka mpaka au linatoka Kinshasa, liseme ni saa ya wapi. Uzito na vipimo vya dawa viandikwe kwa maneno pale ambapo nukta inaweza kupotea.

Na hili la mwisho ni la heshima. Siku ambayo mama atafika "amechelewa", kabla ya kumwambia neno, anayesimamia orodha amwombe amwonyeshe ujumbe alioupokea. Auone kwa macho yake. Kama umeandikwa "saa 9" bila neno jingine, afungue orodha tena, ampe haki yake, na amtafute aliyeandika.